Majina Yasiyoitwa Getini

Jumatatu, 3 Machi

Hili ni daftari la Kemia. Nimeligeuza na kuanzia nyuma, kwa sababu kurasa za mbele zimejaa mambo ambayo hakuna mtu atakayeniuliza tena. Shule imekwisha. Mama amenivumilia miezi mitatu, na wiki iliyopita akasema, "Basi usikae hapo kama gogo. Tafuta hata kazi ya bure."

Leo nimeipata kazi ya bure. Mwalimu aliyetufundisha Jiografia, ambaye amestaafu, anakusanya watu wa kujitolea. Tunataka baraza lipitishe sheria ndogo ya hewa: tanuru lolote lisichome matairi wala oili chafu, moshi upimwe kila mwezi, na vipimo vibandikwe mahali ambapo kila mtu ataviona. Mwananchi akitaka baraza lijadili sheria ambayo diwani hajaileta, lazima apeleke saini elfu mbili za watu wazima wanaoishi katika kata. Zikipungua hata moja, karatasi zinarudishwa.

Kila mtu anajua ni tanuru gani tunalosema. Kiwanda cha sabuni kiko nyuma ya mtaa wetu. Msimu wa mvua moshi wake haupandi, unatambaa. Unaingia ndani kama mgeni aliyezoea nyumba, haupigi hodi. Mwalimu anasema moshi wa matanuru kama hili, ukijumlishwa dunia nzima, ndio unaovuruga hata mvua zenyewe. Mimi nafikiria karibu zaidi. Nafikiria kifua cha Mama. Mama hufunga miche ya sabuni kwenye karatasi, hatua ishirini kutoka kwenye tanuru, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja. Usiku anakohoa mpaka mdogo wangu anaamka na kumuuliza, "Mama, unaita nani?"

Nilipomwambia nimejiunga, alinitazama juu hadi chini. Kisha akasema, "Wewe? Ukagonge milango ya watu? Wewe unayejificha chooni wageni wakija?"


Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza. Nilipiga hodi kwenye nyumba ya kwanza, akatoka mwanamke mwenye povu mikononi. Nilikuwa nimekariri maneno yote. Yakapotea. Nikaomba maji ya kunywa, kwa kuwa hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoimudu.

Nimekunywa maji kwenye nyumba saba. Saini: hakuna.

Tunakutana nyuma ya karakana ya fundi baiskeli, ambaye naye ni mwenzetu. Tunamwita Spoku kwa jinsi alivyo mwembamba. Alipoona fomu yangu nyeupe akasema, "Huyu hagongi mlango. Mlango ndio unaomwonea huruma." Wote wakacheka, na mimi pia, lakini nilitamani ardhi inimeze.


Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Nyumba tisa, saini mbili, bilauri nne za maji.


Jumatano, 12 Machi

Nimegundua kitu. Siwezi kuanza na sheria wala moshi, lakini naweza kuuliza, "Unafanya kazi wapi?" Watu wanapenda kuulizwa. Mshona viatu alinieleza kazi yake nusu saa nzima, kisha akasema mwenyewe, "Na huo moshi unaniharibia ngozi, unazitia masizi." Hapo nikatoa kalamu.

Nimeandika kazi zao pembeni mwa fomu kwa penseli, ili nikumbuke nani ni nani. Saini kumi na tisa kwa siku moja!


Jumamosi, 15 Machi

Mwalimu aliona yale maandishi ya penseli. Nilidhani atanigombeza, maana darasani alikuwa hataki hata nukta pembeni. Badala yake aliinua fomu yangu juu mbele ya wote.

"Mmeona? Hii ndiyo akili. Fomu ina jina, mtaa, umri na saini. Diwani atasema hawa ni wavivu wasio na kazi. Lakini akiona fundi, muuguzi, mpishi, na hata wafanyakazi wa kiwanda chenyewe, atasema nini?"

Basi kuanzia leo fomu zote zina safu ya tano: kazi, na mahali pa kazi. Amepiga mistari kwa rula yeye mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi kama mtoto.


Jumanne, 18 Machi

Leo nimeanza na wafanyakazi wa kiwanda, maana Mwalimu anawataka wengi.

Wao hawasaini upesi. Wanaishika karatasi kwa ncha za vidole. Karibu wote wameniuliza swali lilelile: "Hii inaenda wapi?" Nami nimewajibu wote jibu lilelile: "Inaenda barazani tu."

Mama Pacha, rafiki yake Mama tangu siku ya kwanza kazini, hakuuliza. Alikuwa kwetu, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anasubiri mvua ipungue.

"Lete hapa. Mimi nina watoto pacha na mume mmoja, na kati ya hao watatu, anayenisumbua zaidi sikumzaa mimi. Sasa diwani atanitisha na nini?" Akatia saini kubwa iliyovuka mstari. "Mahali pa kazi andika jehanamu ndogo."

Niliandika kiwanda cha sabuni.

Mama alisaini baada yake. Nilitaka kuiacha safu ya tano wazi kwenye mstari wake. Akaiona. "Jaza. Mimi si wa kujificha nyuma ya mwanangu."


Jumapili, 23 Machi

Masizi yameingia kwenye maziwa ya mdogo wangu. Ameyanywa hivyohivyo, akasema yana ladha ya penseli.


Alhamisi, 27 Machi

Saini arobaini na moja leo. Sikuomba maji popote.


Jumatano, 2 Aprili

Tumewasilisha. Saini elfu mbili na tisini na tatu, ishirini na sita kati yake za wafanyakazi wa kiwanda. Karani wa baraza alizipiga mhuri ukurasa kwa ukurasa, naye Mwalimu alisimama wima kama anaimba wimbo wa taifa. Spoku alimnong'oneza karani, "Piga taratibu, kaka, tumelala njaa kwa ajili ya hizo," karani akatabasamu.

Kisha karani akatueleza hatua inayofuata. Fomu zote zitabandikwa kwenye ubao wa nje wa baraza kwa siku kumi na nne. Ndiyo kanuni. Mtu akiona jina la marehemu, au la mtu aliyehama, au jina lake mwenyewe lililoandikwa bila yeye kujua, aweke pingamizi.

"Zote?" niliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kusema ndani ya ofisi ile.

"Zote, dada. Kama zilivyo."

Mwalimu alikuwa tayari mlangoni anafungua mwavuli. Yeye anazijua kanuni. Sikumuuliza kitu.


Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kuzitazama. Kioo cha ubao kina ukungu lakini zinasomeka. Palikuwa na mwanamume mwenye koti la mvua, anapiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka, kama mtu anayenakili namba za basi. Nilijiambia labda ni mwandishi wa habari.

Najua kilichonizuia kumuuliza. Ni aibu tu. Aibu ileile ya kuomba maji.


Jumanne, 8 Aprili

Nitaandika kila kitu jinsi kilivyokuwa.

Mama na wenzake si waajiriwa, ni vibarua. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu wanasimama nje ya geti, msimamizi anatoka na orodha na kuita majina. Ukiitwa unaingia. Usipoitwa unarudi nyumbani. Kwa miaka kumi na moja Mama ameitwa kila siku, isipokuwa siku aliyomzaa mdogo wangu na siku tatu za msiba wa Baba.

Leo nilimsindikiza kwa sababu njia imejaa maji na nilitaka kumshika mkono pale kwenye mtaro. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Watu kama mia moja hivi, kila mmoja na mfuko wa plastiki kichwani. Msimamizi alianza kusoma. Anasoma akiwa ameinamisha kichwa, anakwamakwama kwenye majina marefu, hamtazami mtu. Jina, "Nipo," hatua, geti. Jina, "Nipo," hatua, geti.

Akafika mwisho, akakunja karatasi.

Mama alikuwa bado amesimama. Alidhani hakusikia vizuri. Nilimwona akigeuka nyuma kutazama waliobaki, akihesabu kwa midomo, na wakati ule ule na mimi nilikuwa nahesabu. Ishirini na sita.

"Msimamizi," Mama Pacha aliita, "karatasi yako imeloa, imemeza majina. Igeuze upande wa pili."

"Majina ni hayohayo."

"Mimi je?"

"Wewe si una kazi nyingine? Si unatunga sheria siku hizi?"

Waliokuwa wameshaingia walitazama chini. Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikutoka kitu.

Hakuna aliyenigeukia. Wote walijua nilikuwa pale, wote walijua nani alikwenda nyumbani kwao na kalamu, na hakuna aliyenitazama. Heri wangenitukana. Mama alinishika mkono pale kwenye mtaro, si mimi niliyemshika.

Njiani alisema neno moja tu: "Safu."


Jumatano, 9 Aprili

Mama hakuitwa.


Alhamisi, 10 Aprili

Mama hakuitwa. Mvua kubwa. Walisimama saa nzima baada ya geti kufungwa, labda msimamizi atatokea tena.


Ijumaa, 11 Aprili

Mama hakuitwa.


Jumapili, 13 Aprili

Tulikutana karakanani. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi ili nisiyasahau. Niliyasoma: tuzitoe zile fomu kwenye ubao, au tufute safu ya tano.

"Tayari zina mhuri," Mwalimu alisema. "Ukigusa fomu yenye mhuri, umeharibu zote."

"Basi tufanye nini na wale ishirini na sita?"

"Wavumilie. Kikao ni tarehe sita Mei. Sheria ikipita, kiwanda hakiwezi kuwagusa, kitakuwa kinatazamwa na kila mtu. Hakuna mabadiliko yasiyo na gharama, binti yangu."

Spoku alikuwa anageuza gurudumu tupu. "Gharama yenyewe inalipwa na nani, Mwalimu? Maana mimi bado nina karakana, na wewe una pensheni."

Mwalimu alivua miwani. Bila miwani macho yake ni madogo na yamechoka. Alisema kwa upole kabisa, "Lakini pia, tukumbuke, safu ile haikuwa kwenye fomu rasmi. Ilianza na mtu mmoja."

Ni kweli ilianza na mtu mmoja. Lakini mistari aliipiga yeye kwa rula, na mimi niliiona mikono yake ikiipiga.


Alhamisi, 17 Aprili

Ubao umeondolewa. Pingamizi zimekata saini sitini na tisa: marehemu, waliohama, waliosaini mara mbili. Zimebaki elfu mbili na ishirini na nne. Mwalimu ametuma ujumbe: "Tumevuka!"

Mama hakuitwa.


Jumanne, 22 Aprili

Msimamizi ametoa karatasi. Ni mfano wa barua. Kila atakayeiandika kwa mkono, akaisaini na kuipeleka kwa karani wa baraza, kisha akaleta nakala yenye mhuri getini, ataitwa kesho yake. Nimeinakili hapa:

"Mimi, fulani, natamka kwamba niliweka saini yangu bila kuelewa, baada ya kudanganywa na binti aliyekuja nyumbani kwangu. Naomba jina langu liondolewe."

Mama Pacha aliisoma kwa sauti mlangoni kwetu, kisha akaikunja mara nne. "Wanataka niseme nimedanganywa na mtoto niliyemsuka nywele. Mimi kudanganywa sijambo, nimeolewa. Lakini si na huyu."


Alhamisi, 24 Aprili

Wa kwanza alikuja jana jioni. Ni mama mtu mzima anayepakia maboksi. Alisimama nje ya pazia, akasema hajui kuandika vizuri, mkono wake unatetemeka, na watoto wake hawapo. Hakusema anataka nini. Alinyoosha tu karatasi nyeupe.

Nilimwambia, "Karibu ndani, mama." Nikamwandikia.

Baada ya huyo walikuja wengine. Leo nimeandika kumi na moja. Wanakaa kwenye kitanda cha mdogo wangu wakisubiri zamu, kama kwa daktari, wakizungumza juu ya bei na mvua. Ninapofika kwenye "baada ya kudanganywa na binti", chumba kinanyamaza. Mmoja aliniambia, "Andika haraka hapo, mwanangu, upite."

Mwanzoni nilijiambia kwamba huo ni uongo wao, mimi ni mkono tu. Kwenye barua ya saba nilikumbuka maneno yangu: "Inaenda barazani tu." Nilikuwa sijui. Lakini nilisema kama mtu anayejua.


Jumamosi, 26 Aprili

Barua ishirini na nne. Nimehesabu mara tatu. Saini zilizobaki ni elfu mbili kamili.

Waliobaki bila barua ni wawili: Mama Pacha na Mama.


Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu alikuja kwetu. Hajawahi kuja. Viatu vyake vilikuwa vimeloa hadi kwenye soksi, na hakutaka kuvivua. Mama alimpa kiti chenye miguu minne, sisi tukakaa kitandani.

"Mama, nimekuja kukuomba," alisema. "Tumesimama juu ya uzi. Ukiondoa jina lako, tumeanguka. Wiki moja tu."

"Mwalimu, wewe mwisho wa mwezi unakwenda dirishani unapewa chako, mvua inyeshe isinyeshe. Dirisha langu mimi ni lile geti."

"Najua."

"Hujui. Lakini umekuja kwa miguu yako, nakushukuru." Mama alikohoa, tukamsubiri. "Sitaandika. Si kwa ajili ya sheria yako. Ni kwamba siwezi kutia saini kwamba niliyemzaa ni mwongo."

Mwalimu alilia. Sikujua wazee wanalia hivyo, bila sauti, maji yanatoka tu kama kwenye bomba bovu. Mke wake, alisema, alifariki kwa kifua, na nyumba yao iko upande ule ambako moshi hushukia. Miaka yote aliyotufundisha upepo na mvua hakuwahi kututajia. Nilikuwa nimeanza kumchukia, na sasa hata hilo limenitoka mkononi.


Jumatano, 30 Aprili

Mama amepata kazi ya kubeba mchanga kwenye ujenzi. Ndoo kichwani, ngazi mbili. Mvua haikukatika kutwa.


Ijumaa, 2 Mei

Mama ana homa. Alikwenda kazini hivyohivyo. Mdogo wangu amerudishwa kutoka shule, ada.


Jumapili, 4 Mei

Leo hakuweza kuinuka. Nilimkanda kifua kwa maji ya moto. Mbavu zake zinahesabika. Spoku alileta unga na dawa ya homa, akaviweka mlangoni na kuondoka bila kufanya mzaha wowote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Saa tisa alasiri nilichukua karatasi nyeupe, nikaandika barua ya ishirini na tano. Nilipomaliza niliketi pembeni mwake nikamsomea.

Alisikiliza hadi mwisho. "Nilisema sitatia saini uongo."

"Si uongo, Mama. Ulisikia nikiwaambia wenzako inaenda barazani tu. Nilikuwa sijui, na nikasema najua. Ukisaini nawe unasema kweli."

"Ni karatasi, mwanangu. Karatasi ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Basi na hii ituondoe."

Alinitazama muda mrefu, kama ananitafuta mahali aliponizoea na hanioni. Kisha akaniambia nimwinue mgongo. Saini yake ilitetemeka, lakini haikuvuka mstari.

Nilikaa nayo mkononi nikisikiliza mvua. Hakuna aliyenilazimisha. Nataka niandike hilo wazi, ili nikija kusoma daftari hili baadaye nisijitafutie mtu wa kumsingizia.


Jumatatu, 5 Mei

Nimeipeleka mwenyewe. Karani aliipiga mhuri, akaandika kwenye daftari lake, kisha akainua macho. "Dada, unajua hii ni ya ngapi?"

"Najua."

Mama Pacha alikuwa kwetu niliporudi, anamkorogea Mama uji. Nilimwambia nimeandika. "Umefanya vizuri," alisema bila kugeuka. Nikamwambia naweza kumwandikia na yeye, sasa haibadilishi chochote, sheria imeshakufa.

"Ndiyo maana siandiki. Hapo mwanzo ningeandika kwa ajili ya mkate. Sasa nikiandika nitakuwa nawachekesha tu."


Jumanne, 6 Mei

Kikao. Tulikuwa watu kama thelathini kwenye mabenchi ya nyuma, wengi wenye miavuli inayodondoka. Mwenyekiti alisoma ajenda ya masoko, ajenda ya taa, kisha yetu. "Saini halali elfu moja mia tisa tisini na tisa. Hoja haikutimiza masharti. Tuendelee." Ilichukua muda mfupi kuliko ajenda ya taa.

Mwalimu alikusanya karatasi zake, akazilinganisha pembe kwa pembe. Alipopita mbele yangu alisimama. Nilijiandaa.

"Mama anaendeleaje?" aliuliza.

"Ana nafuu."

"Vizuri." Akaenda zake. Afadhali angenigombeza.


Ijumaa, 9 Mei

Mama aliitwa. Alikuwa wa arobaini na tatu. Alisema "Nipo," akakohoa, akaingia. Moshi ulikuwa chini kabisa, miguu ya watu haikuonekana.


Jumanne, 13 Mei

Mama amerudi na ujumbe. Msimamizi alizipanga zile nakala ishirini na tano mezani, akaona mwandiko ni mmoja. Akauliza nani kaandika. Mama alisema ukweli.

"Akacheka mpaka akashika meza," Mama alisema. "Akasema, 'Yaani huyo huyo aliyewadanganya ndiye aliyewaandikia kwamba amewadanganya? Huyo anafaa ofisini.'"

Ananitaka niandike orodha ya geti. Yeye macho yamechoka.

Nilisema siendi. Nilisema kwa sauti, hata mdogo wangu akashtuka. Mama hakubishana. Alianza kukohoa, akainamia ndoo, akakaa hapo. Mwishowe akajifuta na kusema, "Ofisi yake iko kule upepo unakotokea. Ina dirisha linalofungika. Angalau mmoja wetu."

"Nikienda, utaacha kufunga sabuni?"

Alifunika ndoo. "Nitaacha."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu Machi, nyumba kwa nyumba: Mama atoke kwenye ule moshi. Nimekipata.


Ijumaa, 16 Mei

Nimeanza. Alasiri msimamizi anataja majina ya kesho kutoka kichwani, mimi naandika. Jina la kwanza nililoliacha ni la Mama. La pili aliliruka yeye.

"Na Mama Pacha?" niliuliza.

"Huyo hajaleta barua."

Nilingoja nione kama nitasema neno. Sikusema.


Jumanne, 20 Mei

Mvua zinakwisha. Asubuhi ilikuwa kavu. Nilikuwa ndani, upande huu wa geti, kwenye dirisha dogo, na msimamizi nje akisoma orodha yangu. Naandika herufi kubwa, zimeachana, kila jina mstari wake. Alimaliza upesi, geti likafungwa.

Mama Pacha huja kila siku. Husimama, husikiliza mpaka jina la mwisho, huondoka. Leo hakuondoka. Alikuja dirishani, akaegemea kizingiti kama jirani aliyekuja kuazima kiberiti.

"Una mwandiko mzuri, mwanangu. Zamani alikuwa anakwamakwama, tunasimama hapa mpaka miguu inakufa ganzi. Siku hizi anasoma kama maji. Tusioitwa tunawahi kurudi nyumbani."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anacheka, wala hakuwa na hasira. Nikamwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba," alisema, akashika njia.

Saa nane msimamizi alikuja kunitajia majina ya kesho.